Siku Atakapotembea

Kule Marangu, miaka ile, mtu mzima hakukimbia hivi hivi. Watoto walikimbia, ndama aliyekata kamba alikimbia, na mwizi naye alikimbia kama alikuwa na bahati. Lakini ukimwona mama wa watoto wanne anatimua mbio barabarani alfajiri, ulijua ni moja kati ya mambo matatu: nyumba inaungua, mtoto kazidiwa, au mtu kafariki. La nne halikuwepo. Aliyelileta la nne ni Dominika, mke wa Leonce, na kabla watu hawajalizoea walimlilia mzee wa watu akiwa hai, ameshika uji wake mkononi.

Mwaka sabini na sita Dominika alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mume wake alifanya kazi kiwandani Moshi, amepanga chumba Shirimatunda, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi tu. Mkewe alibaki mlimani na watoto, na kihamba cha migomba na kahawa, na ng'ombe wawili, na baba mkwe wake, Mzee Sirili, ambaye nyumba yake ilikuwa ua huo huo, hatua ishirini kutoka mlango wa jiko. Ng'ombe wa kule hawachungwi. Wanakaa zizini na majani wanaletewa. Kwa hiyo kila siku ya Mungu Dominika alishuka kule chini tambarare, akakata majani, akayafunga, akapanda nayo kichwani mwendo wa saa mbili. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Kila mwanamke wa mlimani alifanya vivyo hivyo.

Mwezi wa nne, kwenye mkutano wa akina mama, Mwalimu Elisaria wa shule ya msingi alisimama na kutangaza kwamba safari hii Saba Saba itakuwa na mbio za wanawake, kuanzia Himo kupanda hadi ukingoni mwa msitu. Mwanamke yeyote anaweza kuandikisha jina. Akina mama walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Dominika naye alicheka na wenzake, ila usiku usingizi ulimpaa. Alipokuwa msichana alikuwa akikimbia kwenda shule na hakuna aliyewahi kumshika, hata wavulana. Siku ya harusi yake shangazi alimwambia kwamba sasa atembee kama mke wa mtu, naye akatembea miaka kumi na minne. Alikuwa amesahau kabisa kwamba miguu yake inajua jambo jingine. Sasa alikumbushwa, na alitaka, alitaka hasa, kama mtoto anavyotaka kitu, na aliona haya kutaka hivyo.

Tatizo lilikuwa Mzee Sirili. Leonce alipokwenda mjini alimwacha mkewe mikononi mwa baba yake, na mambo yote ya nyumba ile yalipitia kwa baba. Mzee mwenyewe hakuwa mkali, ila alikuwa hapendi mapya. Alikataa redio isiingie nyumbani kwake mpaka ilipokuwa imeingia nyumba zote za jirani, kisha akawa anasikiliza ya jirani kutoka uani. Tangu Kwaresima alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu cha kukunja mgongo, na Pasaka padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Kijiji kizima kilijua Sirili yuko njiani. Mwanamke gani angekwenda kusimama mbele ya mgonjwa aliyepakwa mafuta amwambie, baba, naomba ruhusa nikimbie barabarani? Akikataa, basi limekwisha, maana hapana ya Sirili haikuwa na pa kukatia rufaa.

Kwa hiyo Dominika hakuomba. Aliandikisha jina kimya kimya, akaanza mazoezi na kibuyu.

Kibuyu kilikuwa kitupu. Lakini mwanamke anayekimbia na kibuyu ni mwanamke aliyechelewesha maziwa, na huyo hamshangazi mtu. Kila mtu amewahi kuchelewa. Alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, alitoka, akapanda hadi mpakani mwa msitu, akageuka, akateremka mpaka Marangu Mtoni, akapanda tena kurudi nyumbani kuamsha moto. Wa kwanza njiani walimtania kwamba ng'ombe wake siku hizi wanakamuliwa maziwa ya haraka. Kwa majuma matano kibuyu kile kitupu kilisafiri kuliko mabasi mengi ya siku hizo.

Kisha Juni ikaingia na baridi yake. Wanaoijua Moshi ya bondeni, kwenye miwa na vumbi, hawaamini wakiambiwa kwamba siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mtu wa mlimani anatoka nje na pumzi yake inaonekana. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukakaa kwenye migomba mpaka saa nne. Majani ya kando ya njia yalilowa, barabara iliteleza, na vidole vya miguu vya Dominika vilikufa ganzi kabla hajafika kwa jirani wa tatu. Juma la kwanza la baridi alipata kichomi ubavuni na kikohozi, akaogopa. Alipomsikia mzee naye anakohoa upande wa pili wa ua, wakawa kama wanajibizana, akaogopa zaidi.

Alikwenda kwa Elisaria. Mwalimu alikuwa amekimbia sana chuoni, na alikuwa mtu wa kusema mambo moja kwa moja. Alimuuliza anaamkaje. Dominika akasema anaamka, anavaa sweta zito la mume wake, anatoka. Elisaria akacheka. Alimwambia miguu iliyolala haitolewi kwenye baridi ghafla. Kwanza akae na moto, ajipake samli kwenye vigimbi vya miguu, aisugue mpaka iwe moto, kisha arukeruke papo hapo jikoni hata kama mbuzi watashangaa. Na lile sweta zito aliache. Likilowa jasho linageuka mzigo wa maji, na upepo ukilikuta hivyo linamla mtu. Avae gauni jepesi na juu yake kitu kingine chepesi, na sweta alivae baadaye, akiwa anamaliza, pale ambapo mwili umelowa na baridi ndipo inapotafuta mahali pa kuingilia. Akifika nyumbani asisimame uani kupiga soga. Avue vilivyolowa, avae vikavu, anywe uji wa moto. Alimpa na raba zake za zamani, nyeupe, zilizotoboka kidole kimoja.

"Na mdomo ufunge," Elisaria alisema. "Vuta pumzi kwa pua. Hiyo baridi ukiimeza kwa mdomo itakukaa kifuani. Ukisalimiwa, nyanyua mkono, utasalimia vizuri wakati wa kurudi. Na hicho kibuyu kiache nyumbani, Mama Gabriel. Mkono mmoja unakimbia, mwingine unalea chombo."

Hayo yote yalikuwa maneno mazuri, na Dominika aliyashika neno kwa neno. Ndiyo yaliyoleta balaa.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni. Alikaa na moto, akajipaka samli, akarukaruka jikoni. Gauni lake jepesi alilikunjia juu ya kaptura, kanga akaifunga kiunoni badala ya kichwani, raba miguuni, mikono mitupu. Alipopita nyumba ya mzee alisikia kimya. Alifurahi kwamba leo mzee amelala vizuri, akaingia barabarani. Miguu ilikuwa moto na ilimtii mara moja. Bila kibuyu aliona kama amefunguliwa kamba, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikimbia kwa nguvu zake zote, kichwa wazi kwenye ukungu.

Mektrida, jirani yake wa chini, alikuwa amesimama kwenye lango lake akikata kuni. Mektrida alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na haraka ya kuelewa. Aliona Dominika anatokea kwenye ukungu, kichwa wazi, kanga kiunoni, mikono mitupu, anakimbia kuelekea upande wa kanisani. Akamwita: Mama Gabriel, kuna nini? Dominika alikumbuka mdomo wake. Hakujibu. Alinyanyua mkono juu, akapita.

Mkono juu. Mektrida alidondosha panga, akashika kichwa. Mkono ule ulikuwa umemwambia kila kitu: mzee kaenda, Mungu kamchukua, na maskini huyu mwanamke hata sauti ya kusema hana, anakimbilia kwa katekista. Mektrida hakungoja kusikia zaidi. Alipaza sauti kwa jirani, jirani akapaza kwa mwenzake, na habari ikapanda na kushuka mlima upesi kuliko Dominika mwenyewe na raba zake.

Watu wa kule msiba hauwakuti wamelala. Kabla jua halijagusa ukungu, ua wa Sirili ulikuwa na mikungu mitatu ya ndizi, kuni, na vibuyu viwili vya maziwa, na safari hii vilikuwa vimejaa. Akina mama waliketi chini wakiwa wamefunga kanga, wanalia kwa sauti ya chini ili wasiwaamshe wajukuu wa marehemu, na ndani hakuna aliyeingia kabla Dominika hajarudi na katekista. Mektrida alikuwa katikati akieleza kwamba mzee yule alikuwa mkarimu, kwamba mbege yake hakunywa peke yake hata siku moja, kwamba mlimani hapatapatikana tena mtu wa namna ile. Naye Nikodemo alifika na jembe.

Hapo ndipo lazima niseme juu ya Nikodemo. Yeye na Sirili vihamba vyao vilinywa maji kwenye mfereji mmoja, na mwaka wa sabini walikosana juu ya zamu ya maji. Nani alianza, kila mmoja ana yake. Tangu hapo, miaka sita, Nikodemo hakukanyaga ua wa Sirili. Kanisani walikaa kila mtu upande wake, na kwenye salamu ya amani wote wawili walikuwa wanatafuta kitu mfukoni. Asubuhi ile Nikodemo alipita katikati ya akina mama bila kumtazama mtu, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, mahali ambapo mke wa Sirili alizikwa, akapima kwa hatua zake, akaanza kuchimba. Alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, makamasi yanamtoka, na jembe linapanda na kushuka.

Mzee Sirili aliamka kwa sauti ya jembe. Alikuwa amelala usingizi mzuri ambao hakuupata tangu Kwaresima. Mjukuu wake mkubwa, Gabriel, ambaye naye alikuwa ameamka sasa hivi na hajui lolote, alikuwa amemletea uji kwa mlango wa nyuma. Mzee alijifunga blanketi, akatoka kwa mlango huo huo na kikombe chake, akamkuta Nikodemo ndani ya shimo lililofika magotini.

Akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, kwa nini anachimba karibu hivyo na kahawa yake.

Nikodemo alikaa chini humo humo shimoni.

Dominika alirudi akitokea Mtoni, mwili moto, moyo mweupe, akipanda kwa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Alipokata kona aliona watu kwenye ua wake. Aliona ndizi. Aliona kanga zimefungwa. Alielewa kwamba mzee amekata roho yeye akiwa kwenye mbio zake, peke yake, bila mtu wa kumpa maji, na kwamba kile kimya alichokifurahia alipopita kilikuwa ndicho. Aliingia uani analia, anaomba msamaha kwa sauti.

Mzee Sirili alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango, anamalizia uji.

Mektrida alikuwa ameinamisha kichwa anachezea pindo la kanga. Dominika alifuta machozi, akaona watu wote wanatazama raba zake, na kaptura iliyochungulia chini ya gauni, akajua mbio zake zimekwisha kabla hazijaanza. Alipiga magoti, akamwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Kisha akamuuliza alikuwa anakwenda wapi.

Alimwambia kweli yote. Uongo ulikuwa umeshamchosha, na kibuyu chake pia. Alieleza juu ya Saba Saba, na Himo, na majuma yale, na mdomo uliofungwa kwa ajili ya baridi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa, watu wakangoja kikohozi kiishe. Akauliza kutoka Himo hadi msituni mtu anapumzika mara ngapi. Dominika akasema hapumziki. Mzee akatikisa kichwa, akageuka kutazama ndizi zilizopangwa uani, na maziwa, na kuni. Akamtazama Nikodemo, ambaye alikuwa amesimama pembeni na udongo magotini. Alitazama hayo yote kwa muda mrefu.

"Basi atakimbia," alisema. "Na ninyi mliokuja, asanteni, nimeona. Sasa sikilizeni. Mkimwona huyu alfajiri anakimbia, jueni mimi mzima, mwendelee na kazi zenu. Siku mtakayomwona anatembea, ndiyo siku ya kuja."

Ndizi hazikurudishwa. Zilipikwa mtori, na watu waliokuja kuzika walikula wakacheka mpaka mchana. Nikodemo hakula kwanza. Alikwenda kwenye ua wa masale mpakani, akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaja nalo kwa mikono miwili mpaka mbele ya kigoda. Jani la masale likiletwa hivyo kuomba msamaha, Mchagga halikatai, hata kama limechumwa kwenye ua wake mwenyewe. Sirili alilipokea. Akasema tu kwamba lile shimo lisifukiwe lote, atapanda mgomba.

Basi maisha ya Dominika yakabadilika, tena si kwa namna aliyotaka. Zamani alikimbia akijificha. Sasa mlima mzima ulimngoja. Alfajiri, milango ilifunguka kidogo alipopita. Mtu anatoa kichwa, anaona raba nyeupe kwenye ukungu, anasema Sirili kaamka, anarudi kitandani. Akichelewa robo saa, watu walianza kutafuta kanga zao. Siku moja alipata homa na mwili wote unauma, lakini afanye nini? Alikimbia taratibu hadi kwa Mektrida na kurudi, ili mzee asije akazikwa tena. Elisaria alisema hajawahi kuona mwanafunzi asiyekosa mazoezi namna ile. Leonce alipokuja mwisho wa mwezi alifungua mdomo apinge, akauliza kwanza baba amesemaje. Alipoambiwa, aliufunga.

Likabaki jambo la sweta. Himo kule chini Julai mtu anatoka jasho kabla hajaanza. Juu kwenye msitu upepo unakata. Akilivaa kuanzia Himo litamwivisha na kisha kumgandisha. Akiliacha, maili mbili za mwisho zitamkuta amelowa, na hizo ndizo za baridi kuliko zote. Elisaria alisema lazima mtu amngoje njiani na sweta kavu, na mahali pazuri ni nyumbani kwake mwenyewe, maana barabara inapita hapo. Lakini nani? Watoto watakuwa kwenye gwaride la shule, Leonce na wafanyakazi wenzake mjini, Mektrida ameshaomba kwenda Himo kushangilia. Dominika alilifikiria mpaka siku ya mwisho bila jibu. Jioni ile mzee aliuliza kutoka kwenye kigoda chake, bila kumtazama, sweta liko wapi. Likaletwa.

Walikuwa wanawake kumi na tisa pale Himo, wengine pekupeku, wawili wana viatu vya kweli. Vumbi, jua, ngoma za chama. Dominika alifunga mdomo akaanza polepole kama alivyofundishwa, na maili za kwanza aliachwa na watu wengi hata akaona haya. Kisha barabara ikaanza kupanda. Hapo alianza kuwapita mmoja mmoja bila kuongeza mwendo. Wengi wao walikuwa wa tambarare na mjini, hawajawahi kupanda njia ile na mzigo wa majani kichwani. Alipofika Mtoni ukungu ulimpokea. Gauni lilikuwa limemgandia mgongoni, na upepo wa kwanza ulipompiga meno yaligongana. Mikono ilianza kuwa mizito. Alijiambia kwamba kama sweta halipo atasimama tu, haidhuru, amefika mbali kuliko alivyotarajia.

Alikata kona ya nyumbani. Wazee wawili walikuwa wameketi kando ya barabara kwenye vigoda, Sirili na Nikodemo, wamejifunika. Alipomwona, Mzee Sirili alifungua koti, akavua sweta alilokuwa amelivaa ndani tangu alfajiri ili lisipoe, akalitundika juu ya ua wa masale, akakaa tena na kutazama upande wa pili. Baba mkwe hampi mke wa mwanawe nguo mkononi. Desturi hiyo hakuivunja, aliizunguka.

Dominika alilichukua akikimbia, akalivaa. Lilikuwa na joto la mwili wa mtu. Alilia kuanzia pale mpaka msituni, mdomo umefungwa, akivuta pumzi kwa pua kama alivyoelekezwa, jambo ambalo kwa mtu anayelia si rahisi.

Alikuwa wa tano. Aliyeshinda, mwanamke askari kutoka mjini, alipewa redio. Wa tano alipewa kikombe cha bati. Mzee Sirili alikichukua kwa uji wake, na hakukirudisha.

Mbio zile hazikurudiwa mwaka uliofuata, wala wa pili yake. Chama kilibadilika jina, Elisaria akahamishwa, raba zikaisha na zikatafutwa nyingine. Lakini Dominika aliendelea kukimbia kila alfajiri, masika na kiangazi, maana hakuna aliyemwondolea kazi ile. Mzee, ambaye padri alikuwa ameshampaka mafuta, aliishi miaka miwili zaidi. Nikodemo alikuja kila jioni, wakanywa mbege, wakabishana juu ya mfereji.

Agosti ya sabini na nane, asubuhi ya ukungu, Dominika alikwenda kwanza kwa mzee na uji, na akakuta kikombe cha jana hakijaguswa. Alimfumba macho. Alikaa naye kidogo, akamwambia mambo ambayo mkwe hamwambii mkwe. Kisha alirudi jikoni. Hakujipaka samli. Alivaa sweta, akafunga kanga kichwani vizuri, akatoka barabarani, akatembea.

Ilimwia vigumu. Miguu ilitaka kwenda, na ilibidi aizuie kila hatua. Mektrida alikuwa langoni kwake. Aliona, hakuuliza kitu, akaingia ndani kuchukua ndizi. Mlango baada ya mlango, watu walitoka wakasimama, wakavua kofia. Alipofika kwa Nikodemo, mzee yule alikuwa ameshatoka na jembe, na alipomwona alijifuta uso kwa mkono wa koti. Njia ile, siku ile, ilikuwa ndefu kuliko kutoka Himo.

Walimzika Sirili pale pale, kando ya mgomba aliokuwa ameupanda kwenye shimo lake la kwanza. Siku tatu watu walilala uani. Matanga yalipokwisha, Dominika aliamka alfajiri kwa mazoea, akakaa kwenye moto, mikono magotini. Hakukuwa na sababu ya kutoka. Akikimbia, atakuwa anamtangazia nani? Akiwa hapo alisikia hodi. Alikuwa Nikodemo, amejifunga blanketi, ukungu umemlowesha nyusi.

"Mama Gabriel," alisema, "mimi nimeamka salama. Lakini huko barabarani hakuna anayejua."

Akageuka akaenda zake. Dominika alikaa kidogo. Kisha akachukua samli, akasugua miguu mpaka ikawa moto, akafunga raba. Mektrida alikuwa langoni anakata kuni alipomwona anatokea kwenye ukungu, mikono mitupu. Akasimama na panga mkononi, akamwita, mzima ni nani tena? Dominika hakufungua mdomo. Alinyanyua mkono kuelekea kwa Nikodemo, akapita, na Mektrida akarudi kwenye kuni zake.